Mgeni Akija Nairobi, Mpeleke Tao

Wasee, leo sibembelezi mtu. Vile tunavyowapangia wageni ziara ya Nairobi ni aibu, na tukiendelea hivi kuna kitu tutanyang'anywa tukiangalia.

Juzi rafiki yangu alinitumia ratiba ya binamu yake anayetoka Voi kuja Nairobi mara ya kwanza. Siku tatu. Ya kwanza: jumba la maduka Westlands, kisha klabu. Ya pili: kulala mpaka mchana, jumba lingine la maduka, klabu tena. Ya tatu: kulisha twiga Lang'ata, kupiga picha, halafu treni ya kurudi nyumbani. Manze, huyu mtu anatoka Voi! Tsavo iko hapo tu mlangoni. Kwani ni nani alisema anakuja Nairobi kutafuta twiga?

Na si yeye pekee. Video za "siku tatu Nairobi" zote ni sahani moja, bakuli moja. Watalii wa kigeni nao wanalala usiku mmoja, asubuhi wako njiani kuelekea Mara. Wakibaki, wanapelekwa kwa nyumba ya Karen Blixen, mwandishi wa Denmark aliyeondoka Kenya mwaka wa 1931. Sina ubaya na hiyo nyumba. Lakini enyewe, inakuwaje mgeni ajue kitanda cha Blixen kilikuwa wapi na asijue Tom Mboya alipigwa risasi wapi? Mboya aliuawa tarehe 5 Julai 1969, akiwa waziri, miaka 38, akitoka duka la dawa kwenye barabara tunayoita Moi Avenue leo. Sanamu yake iko hapo hapo karibu. Wewe unaipita kila siku ukikimbilia matatu.

Ratiba yangu ni hii, na karibu yote ni ya miguu. Anza siku ya kazi asubuhi, kwa sababu ofisi za serikali zina masaa yake. Ingia Kenya National Archives, lile jengo la zamani la benki mkabala na sanamu ya Mboya. Chini kuna mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais. Ukitoka, fuata Moi Avenue mpaka Haile Selassie. Hapo ndipo ubalozi wa Marekani ulilipuliwa tarehe 7 Agosti 1998, zaidi ya watu 200 wakafa Nairobi peke yake. Leo ni bustani ya kumbukumbu, na majina yao yako ukutani. Simama uyasome.

Kisha panda juu ya KICC uone mji wote umelala chini yako. Shuka, mtafute Dedan Kimathi pale barabara yake inapokutana na Mama Ngina. Sanamu ilizinduliwa 2007, miaka 50 tangu Waingereza wamnyonge. Malizia Jeevanjee Gardens, keti kwa nyasi, sikiliza wahubiri na wabishi wa siasa. Ukiwa na nguvu, vuka mpaka Uhuru Park. Siku ya pili nenda Karura. Ya tatu fanya unachotaka, hata hao twiga.

Sasa nisikilize vizuri. Hizo sehemu tatu za mwisho zina hadithi moja. Jeevanjee Gardens walipewa wananchi na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee mwaka wa 1906. Mwaka wa 1991 kulikuwa na mpango wa kuijenga, mjukuu wake Zarina Patel akaongoza watu kuupinga. Uhuru Park, mwaka wa 1989, walitaka kuweka jengo la ghorofa 60, Wangari Maathai akakataa, akatukanwa hadi bungeni. 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa waligoma kula kwenye kona ya hiyo bustani, wakapigwa na polisi. Karura, Januari 1999, Maathai alienda kupanda miti kwa msitu uliogawiwa matajiri, akapigwa mpaka akatoka damu kichwani.

Unaona mchezo? Kila mahali pa wazi ulipobaki Nairobi, kuna mtu alipigania. Na ardhi ambayo watu hawaijui ndiyo rahisi kunyakua. Ratiba yako ikifundisha mgeni kwamba Nairobi ni maduka na vilabu, unamwambia mnyakuzi kwamba hapa kwingine hakuna mwenyewe.

Najua mtasema nini. "Tao utaibiwa simu." Inaweza kutokea, ndio maana unatembea mchana, simu mfukoni, mkiwa kikundi. Lakini 2024, mwezi wa Juni, maelfu ya vijana walijaa barabara hizo hizo na vitoa machozi vikiruka. Hatukuogopa tao siku hiyo, tuiogope leo kwa sababu ya mkora mmoja?

"Historia inachosha." Inachosha ukiisomea mtihani. Ukisimama mahali mtu alianguka, haichoshi.

"Sina doo." Basi hii ratiba ni yako. Jeevanjee na Uhuru Park ni bure. Penye kiingilio, raia huwa analipa kidogo kuliko mgeni wa nje, kwa hivyo tembea na kitambulisho na uangalie bei kabla hujatoka. Anayeshuka SGR Syokimau atapata treni ya kumleta mpaka tao, hahitaji teksi. Chakula cha mchana ni kibandani. Jumlisha yote, kisha ulinganishe na meza moja ya klabu.

Mwenye mji ni yule anayeujua. Mgeni wako wa Desemba ameshakata tiketi, na wewe ndiye utampangia. Futa hiyo orodha ya vilabu, uandike Archives juu kabisa. Na kama wewe mwenyewe hujawahi kuingia hapo na umezaliwa Pumwani, usimngoje mgeni. Jumatatu unapita hapo nje. Ingia.