Bridget Jones na mizani iliyofichwa

Haya jamani, leo naingia kwenye ugomvi wa watu, tena naingia na viatu.

Ugomvi wenyewe ni wa filamu ya Bridget Jones's Diary. Ilitoka mwaka 2001, wakati wengine wenu mlikuwa bado mnavaa kaptula za shule, lakini kelele zake hazijaisha mpaka leo. Kila likitoka toleo jingine (la pili 2004, la tatu 2016, la nne 2025) watu wanairudia ile ya kwanza na kushikana mashati upya.

Kambi ya kwanza inasema filamu hii ni tusi kwa wanawake. Mwanamke wa miaka 32, msomi, mwenye kazi na mwenye nyumba yake ya kuishi London, halafu anashinda akihesabu kilo, sigara na glasi za mvinyo, na kulia kwa sababu hana mwanaume! Kambi ya pili inajibu: acheni ukali, ni vichekesho tu, na Bridget ndiye sisi. Nani kati yetu hajawahi kuvuta tumbo ndani akipita mbele ya kioo?

Nimezisikiliza kambi zote mbili na msimamo wangu ni huu. Kambi ya kwanza ina haki ya kukasirika. Kambi ya pili ina haki ya kumpenda Bridget. Ila Bridget anayestahili kutetewa yumo kwenye riwaya, na filamu ilimwacha huko huko. Walichukua chupi yake kubwa ya kubana tumbo, walichukua supu yake ya bluu, wakaacha akili ya kitabu kizima. Nitathibitisha, vumilieni.

Kwanza historia kidogo ili tusibishane hewani. Helen Fielding alianza kumwandika Bridget mwaka 1995 kama safu katika gazeti la The Independent la Uingereza. Safu ya gazeti, waandishi wenzangu mpo? Mwaka 1996 ikawa riwaya. Filamu iliongozwa na Sharon Maguire, rafiki wa Fielding, na inajulikana kwamba ndiye aliyechorwa katika Shazzer, yule rafiki wa Bridget asiyemung'unya maneno. Mswada uliandikwa na Fielding mwenyewe pamoja na Andrew Davies na Richard Curtis.

Nafasi ya Bridget akapewa Renée Zellweger, Mmarekani wa Texas. Waingereza walipiga kelele utadhani kaibiwa malkia. Mwenzenu akajifunza lafudhi, akafanya kazi kwa muda katika kampuni moja ya vitabu London bila kutambulika, na moja ya kazi alizopewa pale ilikuwa kukata vipande vya magazeti, vikiwemo vile vilivyomponda yeye mwenyewe. Filamu ilipotoka kelele zikazimika, na akateuliwa kuwania Oscar. Kwenye uigizaji sina ugomvi naye hata kidogo. Hugh Grant kama Daniel Cleaver, bosi mwenye maneno matamu na tabia mbovu, naye alikuwa moto. Na Colin Firth kama Mark Darcy, wakili aliyenuna kama kameza ndimu... basi, niishie hapo.

Jina la Darcy halikuokotwa barabarani. Fielding aliazima kiunzi cha hadithi yake kutoka Pride and Prejudice ya Jane Austen, riwaya ya mwaka 1813. Na Firth ndiye aliyekuwa ameigiza Bwana Darcy katika tamthilia ya BBC ya mwaka 1995. Ni utani ndani ya utani.

Lakini tuuangalie utani huo kwa makini, maana humo ndimo kitabu kilimoficha kisu. Mabinti wa Austen walikuwa na sababu ya kutafuta waume. Baba akifa, nyumba inakwenda kwa binamu wa kiume, nao wanabaki barabarani. Ndoa ilikuwa paa la kulalia. Bridget, miaka karibu mia mbili baadaye, ana mshahara, ana ufunguo wake mfukoni na ana marafiki wanaomfia. Hakuna binamu anayekuja kumtoa. Sasa kwa nini bado anahangaika kama dada zake wa 1813? Kitabu kinajibu: mnyororo ulihamishwa. Ulitoka kwenye sheria ya urithi ukaja kwenye mizani ya bafuni. Na huu wa sasa ni mbaya zaidi, kwa sababu anajifunga mwenyewe kila asubuhi, tena anaandika namba.

Sasa njooni kwenye ukurasa ninaoutaka.

Riwaya inapoanza, Januari mosi, Bridget ana uzito wa kama kilo 58 na nusu. Uzito anaouota ni kilo 54. Toeni hesabu wenyewe. Tofauti ni kilo nne na nusu! Mfuko wa sembe wa kilo tano ni mzito kuliko tatizo la Bridget Jones. Na kwa kilo hizo nne na nusu amepigana miaka 18.

Mwezi wa Aprili anafika. Mshale unagusa namba. Baada ya miaka 18! Anapiga pamba, anakwenda kwenye sherehe akisubiri watu waanguke kwa mshangao. Wanamwambia nini? Kwamba anaonekana kachoka. Tom, rafiki yake kipenzi, anamwambia kwa upole kwamba zamani alikuwa anapendeza zaidi.

Someni tena hapo. Miaka 18 ya kujinyima, na siku ya ushindi hakuna hata mmoja aliyekuwa anausubiri huo ushindi. Bridget anarudi nyumbani akijiuliza miaka ile yote ilikwenda wapi. Ni kurasa chache tu, ni za kuchekesha mpaka mbavu zinauma, na zinasema yale ambayo vitabu vizito vya haki za wanawake vimeyasema kwa maneno elfu hamsini: namba mnayoikimbilia haina mtu upande wa pili.

Tukio hilo kwenye filamu liko wapi? Halipo. Limekwenda na maji.

Badala yake filamu inatupa nini? Inatupa Mark Darcy kwenye ngazi, baada ya chakula cha usiku kilichomwendea Bridget kombo, akimwambia kwamba anampenda vile vile alivyo. Bridget anawasimulia marafiki zake, na marafiki wanashangaa: vile vile? Si mwembamba zaidi kidogo? Si mwerevu zaidi kidogo? Ukumbi mzima unacheka, wengine machozi yanawalengalenga. Mimi pia nililengwalengwa, sikatai. Ni sentensi tamu.

Lakini tazameni kilichofanyika. Kitabuni, Bridget anaupata ukweli kuhusu mwili wake kwa kuishi: anafika kilele, anakuta hakuna kitu. Kwenye filamu, ukweli ule ule analetewa na mwanaume aliyevaa suti. Ni kama amepewa kibali. Na kibali kina shida moja ndogo: aliyekupa anaweza kukunyang'anya. Mark Darcy akiamka kesho na mawazo tofauti, mizani inarudi bafuni.

Mwisho nao ni hivyo hivyo. Kwenye filamu, Darcy anaisoma shajara ya Bridget, anakuta alivyosemwa vibaya humo, anatoka nje. Bridget anamkimbilia kwenye theluji na chupi, kumbe jamaa alikwenda dukani kumnunulia shajara mpya, aanze upya. Watu wakapiga makofi. Mimi nikajiuliza: hata daftari la kuandika maisha yake anunuliwe?

Kitabuni naye Darcy anampata, tusidanganyane, ni hadithi ya mapenzi. Lakini neno la mwisho si la Darcy. Mwisho wa kitabu ni hesabu ya mwaka mzima, imeandikwa na Bridget kwa mkono wake: sigara ngapi, kalori ngapi, kilo ngapi zimeongezeka na ngapi zimepungua. Na kilo zilizopungua na zilizoongezeka karibu zinalingana! Mwaka mzima wa kuhesabu, na jibu linakaribia sifuri. Huo ndio utani mkubwa wa Fielding, na ili uupate unahitaji kuiona hesabu ikifungwa. Filamu ilitufungulia hesabu, haikuifunga. Ndiyo maana kambi ya kwanza inaona mwanamke anayejihesabu tu, inakasirika. Wangekasirika vipi kama wangeonyeshwa jibu?

Najua mtaniletea pingamizi, ngoja nizimalize mapema.

Mtasema filamu ni dakika tisini na kitu, haiwezi kubeba kitabu kizima. Sawa. Lakini ilipata muda wa kutuonyesha wanaume wawili wakipigana barabarani mpaka wakavunja dirisha la mgahawa wa watu, ngumi ambazo kitabuni hazimo kabisa. Kama kulikuwa na nafasi ya kuongeza ngumi, kulikuwa na nafasi ya sherehe moja ambapo mwanamke anaambiwa "mbona umechoka?"

Mtasema Fielding mwenyewe alikuwemo kwenye kuandika mswada. Ndiyo, na hilo halibadilishi kitu. Mwenye shamba akishika panga akakata mwembe wake, mwembe umekatwa tu.

Mtasema Bridget wa filamu naye ana ushujaa wake. Kweli kabisa. Ile siku anaacha kazi mbele ya ofisi nzima, anamwambia Cleaver kwamba afadhali kazi yoyote chafu kuliko kufanya kazi karibu naye, na wimbo wa Aretha Franklin unapigwa, nywele zilinisimama. Mkumbuke huyo ni bosi aliyeanza kwa kumtumia ujumbe kuhusu urefu wa sketi yake kwenye kompyuta ya kazini, na filamu ikatuambia tuyaite mapenzi.

Lakini fuateni anapokwenda. Anaingia kwenye runinga. Kazi yake ya kwanza ni kuteremka kwenye nguzo ya zimamoto na sketi fupi, kamera iko chini, makalio yanajaa skrini ya taifa zima. Halafu stori kubwa inayomwokoa, mahojiano na mpigania uhuru wa Kikurdi ambayo kila mwandishi mahakamani aliyatafuta akayakosa, anaipata vipi? Alikuwa amekwenda kununua sigara, akapitwa, na Mark Darcy, wakili wa yule jamaa, akampa mkononi.

Hapo ndipo mimi huwa siwezi kucheka. Niliwahi kuambiwa na mkubwa wa chumba kimoja cha habari, sikitaji, kwamba sauti yangu ni ya runinga lakini mashavu yangu ni ya redio. Alicheka. Waliokuwepo wakacheka. Kwa hiyo mkiniambia "ni vichekesho tu", nawaelewa, ila nataka kujua kicheko kinamwelekea nani. Kitabuni kinaielekea mizani. Kwenye nguzo ya zimamoto kinamwelekea yeye.

Na kama mnadhani nakuza mambo, kumbukeni magazeti yalivyofanya. Zellweger aliongeza kilo ili amwigize Bridget, na kwa miaka mingi waandishi walikuwa wakimuuliza alikula nini, aliongeza ngapi, alipunguza vipi, ataongeza tena kwa toleo la pili? Yaani kitabu kinachowacheka watu wanaohesabu kilo za mwanamke kimezaa filamu iliyofanya dunia nzima ihesabu kilo za mwanamke. Kama huo si ushahidi kwamba ujumbe ulipotea njiani, sijui mnataka ushahidi gani.

Basi hukumu yangu. Bridget Jones's Diary ni filamu inayochekesha, imeigizwa vizuri, na ni ya uoga. Iliogopa kwamba watazamaji hawatavumilia mwanamke anayefika alikotaka na kukuta patupu, ikaamua kumpa mchumba aje kumfariji. Wanaoipenda waendelee kuipenda. Wanaoichukia waendelee pia, lakini wailaumu kwa kosa lake halisi. Kuonyesha mwanamke anayejichukia si dhambi, wapo, tunawajua, tunakaa nao ofisini. Kosa ni kuuonyesha ugonjwa kwa saa nzima na kuficha ukurasa wenye jina la ugonjwa.

Kitabu bado kinapatikana. Nendeni Aprili. Mkishasoma ule ukurasa, njooni tuanze kugombana sasa, maana hapo tutakuwa tunagombania kitu.