Kwa nini M-Pesa ilistawi Kenya ikafa Afrika Kusini?

Tarehe 30 Juni 2016 kampuni ya simu ya Vodacom ilifunga huduma ya M-Pesa nchini Afrika Kusini. Ilipoizindua mwaka 2010 pamoja na benki ya Nedbank, ilitarajia kupata wateja milioni 10 katika miaka mitatu. Ilipofunga, walioitumia kwa dhati walikuwa kama 76,000 tu. Huduma ni ile ile iliyoanzishwa na Safaricom nchini Kenya Machi 2007 na kuenea hadi vijijini. Tofauti ilitoka wapi?

Jibu la haraka ni kwamba Waafrika Kusini wengi walikuwa na benki. Ni kweli. Tangu mwaka 2004 benki zilikuwa na akaunti nafuu iliyoitwa Mzansi, mashine za kutolea pesa zilikuwa karibu, na hata maduka makubwa yalipokea pesa za kutumwa. Kenya ya 2007 ilikuwa nyingine. Kijana wa Nairobi aliyetaka kumsaidia mama yake kijijini alimkabidhi dereva wa basi bahasha na kuomba Mungu. M-Pesa ilikuta haja hiyo tayari ipo, tena ilifanya kazi kwenye simu ya bei ya chini kabisa, bila intaneti.

Lakini benki pekee hazielezi kila kitu. India ina mamilioni ya watu waliokuwa nje ya mfumo wa benki, na huko nako Vodafone iliifunga M-Pesa mwaka 2019. Kwa maoni yetu, wa kuangaliwa zaidi ni wakala.

Wakala anahitaji pesa taslimu mkononi na salio kwenye simu, vyote kwa wakati mmoja. Mteja akija kutoa pesa akaambiwa hakuna, harudi. Wateja wakiwa wachache, kamisheni haitoshi hata kodi ya kibanda, na wakala anarudi kuuza sukari na sabuni. Safaricom ilianza ikiwa tayari na sehemu kubwa ya wateja wa simu Kenya, pamoja na wauzaji wa muda wa maongezi kila mtaa. Benki Kuu nayo iliiruhusu kuendesha huduma bila kuwa benki, mradi pesa za wateja ziwekwe kwa amana katika benki za biashara. Afrika Kusini sheria ilidai benki iwemo tangu mwanzo.

Tanzania ilipoanza mwaka 2008, wateja wa simu walikuwa wamegawanyika kati ya kampuni kadhaa, na huduma ilikua polepole kabla ya kushika kasi. Baadaye ikapata mtihani wa aina nyingine. Julai 2021 serikali ilianza kukata tozo kwenye miamala, hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja. Malalamiko yakazagaa, na Septemba mwaka huo huo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Huduma ilikuwa imeshazoeleka, lakini makato yalitosha kuwafanya watu wafikirie tena kubeba noti mfukoni.

Uwanja mgumu zaidi sasa ni Ethiopia. M-Pesa ilifika huko Agosti 2023 na kukuta Telebirr, ya kampuni ya simu ya serikali, imeshaanza tangu Mei 2021 na kuandikisha zaidi ya watu milioni 30. Nguvu ambayo Safaricom ilikuwa nayo nyumbani, ya kuwa na wateja kabla ya huduma, huko anayo mshindani wake. Bei nafuu inaweza kumvuta mteja wa Addis Ababa ajaribu. Swali ni kama wakala wa mji mdogo, mbali na mji mkuu, atapata wateja wa kutosha kufungua kibanda chake kila asubuhi.