Asilimia 3 ipo kwenye sheria, ila kijana wa Mkula anaweza kuishia njiani

Kijana mwenye uoni hafifu kutoka Mkula, mkoani Simiyu, anaweza kufika kidato cha sita na kufaulu. Baraza la Mitihani (NECTA) lina karatasi za maandishi makubwa na muda wa nyongeza kwa watahiniwa kama yeye. Ngoma nzito inaanza baada ya hapo.

Tuseme anataka udaktari. Chuo kikuu cha afya kilicho jirani kiko Bugando, Mwanza. Kozi ni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Hapo kuna zamu za usiku, ngazi za kupanda na namba ndogo za kusoma kwenye bomba la sindano. Wodini mgonjwa hasubiri dakika za nyongeza.

Ushauri wa haraka ni mmoja: achana na udaktari.

Lakini ushauri huo unachanganya kiwango cha kazi na njia ya kukifikia. Daktari lazima ajue moyo wa mgonjwa unavyodunda. Siyo lazima wote watumie kifaa kilekile. Zipo stetoskopu za kielektroniki zinazokuza sauti kwa asiyesikia vizuri. Kiwango hakijashuka hata kidogo.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye watu 20 au zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Piga hesabu: kwa watu 100 ni watatu. Kwa watu 20, haifiki hata mmoja.

Tena asilimia inahesabu vichwa tu. Mlinzi wa getini na daktari wa wodini wanahesabika sawa.

Mfano upo

Dk. Abdallah Possi, mwenye ualbino, alikuwa mhadhiri wa sheria Chuo Kikuu cha Dodoma. Mwaka 2015 akateuliwa naibu waziri, na 2017 balozi nchini Ujerumani. Kwa Kanda ya Ziwa, ambako watu wenye ualbino wamewahi kuwindwa na kuuawa, uteuzi ule ulikuwa na uzito wake.

Ila mmoja akipita, haina maana njia imefunguka. Swali linabaki kwa vyuo na hospitali: kifaa analipia nani, na kinafika lini? Kijana wa Mkula anatakiwa apate jibu kabla hajaomba chuo, siyo akishafeli mwaka wa kwanza.