Breki isiyojaribiwa si breki

Mfugaji wa kondoo huko Wales, Uingereza, hakuwa na uhusiano wowote na mtambo wa nyuklia wa Chernobyl, Ukraine, ulio zaidi ya kilomita 2,000 kutoka zizini kwake. Hata hivyo, baada ya ajali ya Aprili 26, 1986, mvua iliteremsha mionzi kwenye malisho yake. Serikali iliweka masharti ya kuhamisha na kuuza kondoo, na masharti ya mwisho yaliondolewa mwaka 2012. Hiyo ni miaka 26.

Tunaanza na kondoo hao kwa sababu wapo wasomaji watakaouliza nyuklia inawahusu nini wakulima na wafanyabiashara wadogo. Jibu ni kwamba mtambo wa aina hiyo ukiharibika, miongoni mwa wa kwanza kupata hasara ni mwenye shamba, mwenye ng'ombe wa maziwa, mvuvi na mama anayeuza mboga sokoni.

Hapa kwetu jambo hili limeshabisha hodi. Kenya imetangaza nia ya kujenga mtambo wake wa kwanza, na kazi hiyo imekabidhiwa shirika la NuPEA, lililoundwa chini ya Sheria ya Kawi ya mwaka 2019. Mwaka 2024 wakazi wa Uyombo, Kaunti ya Kilifi, waliandamana kuupinga mpango huo wakihofia uvuvi na mazingira yao. Baadaye Kaunti ya Siaya, kando ya Ziwa Victoria, nayo ikatajwa.

Katika tahariri hii hatusemi mtambo ujengwe au usijengwe. Tunachosema ni kwamba mwananchi atakayeitwa kwenye baraza kutoa maoni anahitaji kujua la kuuliza. Na swali moja kubwa ni hili: ikitokea hatari, mtambo utazimwaje, na nani amehakikisha kwamba kifaa cha kuuzima kinafanya kazi?

Katika aina nyingi za mitambo inayotumia maji, vijiti vya kuzimia moto wa nyuklia huning'inizwa juu ya kinu kwa nguvu ya umeme. Umeme ukikatwa, vijiti vinaanguka vyenyewe kwa uzito wake na kinu kinazima katika sekunde chache. Wahandisi walibuni hivyo makusudi, ili hata umeme ukipotea ghafla kinu kizime badala ya kuendelea. Lakini lazima pawe na swichi ya kuukata umeme huo. Hapo ndipo pa kuangalia.

Februari 25, 1983, katika mtambo wa Salem, New Jersey, nchini Marekani, kinu namba 1 kilikuwa kikiwashwa. Kilikuwa kimefikia takriban asilimia 12 tu ya nguvu zake. Maji katika tangi la kutengenezea mvuke yakashuka kupita kiwango, na mitambo ya ulinzi ikatoa amri ya kuzima. Palikuwa na swichi 2 za kukata umeme wa vijiti, zimepangwa moja baada ya nyingine, ili hata moja ikigoma nyingine itoshe. Zote 2 ziligoma. Kinu kiliendelea kuwaka mpaka wahudumu walipokizima kwa mkono, takriban nusu dakika baadaye.

Hakuna aliyeumia wala madhara yaliyotoka nje ya mtambo. Lakini wachunguzi walipopekua kumbukumbu za kompyuta waligundua jambo la kushtua zaidi. Siku 3 kabla, Februari 22, swichi hizo hizo zilikuwa zimegoma vilevile. Hakuna aliyetambua, kwa kuwa mhudumu alizima kwa mkono karibu wakati ule ule ambao amri ya mitambo ilitoka. Kila mtu aliamini kinu kimejizima chenyewe.

Kwa nini mkono ulifaulu pale ambapo amri ya mitambo ilishindwa? Kila swichi ilikuwa na njia 2 za kuifyatua. Njia ya kwanza ilifanya kazi umeme wa amri ulipokatika, na ya pili ilifanya kazi ulipopelekwa. Amri ya mitambo ilitumia ile ya kwanza peke yake. Kitufe cha mhudumu kilitumia zote 2 kwa pamoja. Ile ya kwanza ilikuwa imekwama kwa uchakavu, uchafu na kukosa kulainishwa vizuri, na ile ya pili ndiyo iliyookoa jahazi.

Mwendesha bodaboda ataelewa upesi. Pikipiki ina breki ya mbele na ya nyuma. Ukizijaribu kila siku kwa kuzibana zote pamoja, pikipiki itasimama, nawe utasema breki ni nzima. Kumbe ya mbele ilikufa mwezi uliopita. Utaijua siku ile ya nyuma itakapokatika mteremkoni, ukiwa na abiria na kreti 2 za nyanya.

Hilo ndilo funzo la Salem. Jaribio ambalo haliwezi kuonyesha ubovu si jaribio, ni kujifariji. Kila njia ya kuzima sharti ijaribiwe peke yake. Mwezi Julai 1983 tume ya Marekani ya kusimamia nyuklia, NRC, iliwaandikia wenye mitambo wote nchini humo kudai mabadiliko, yakiwemo majaribio ya kila njia kivyake na amri ya mitambo kupitishwa kwenye njia zote 2. Kampuni iliyoendesha Salem iliandikiwa faini ya dola 850,000.

Funzo la pili linahusu hesabu. Tuseme swichi moja hugoma mara 1 katika amri 1,000. Mtu wa hesabu atakuambia swichi 2 zitagoma pamoja mara 1 katika amri 1,000,000, nawe utalala usingizi. Hesabu hiyo ni kweli ikiwa tu ubovu wa swichi moja hauhusiani kabisa na wa nyingine. Salem swichi zote zilikuwa za aina moja, zikitunzwa kwa utaratibu mmoja wenye kasoro ile ile. Kilichoua moja kiliua na ya pili. Mkulima anayepanda ekari 2 kwa mbegu ya gunia moja hana akiba ya ekari ya pili ikiwa mbegu yenyewe imeoza.

La tatu ni muda. Kifaa cha dharura hukaa kimya karibu maisha yake yote, na kikiharibika hakilii wala hakitoi moshi. Ubovu unabaki umejificha mpaka siku ya jaribio au siku ya ajali, yoyote itakayotangulia. Kifaa kikijaribiwa mara moja kwa mwaka, ubovu unaweza kujificha kwa wastani wa miezi 6. Kikijaribiwa kila mwezi, wastani unashuka hadi wiki 2 hivi. Wakati huo huo, kujaribu kupita kiasi nako huchakaza kifaa. Ndiyo maana wataalamu hupanga zamu, swichi hii mwezi huu na ile mwezi ujao, ili pia kosa la fundi mmoja lisiharibu zote siku moja.

Na hata jaribio zuri halitasaidia ikiwa kifaa chenyewe kimebuniwa vibaya. Chernobyl wahudumu walibonyeza kitufe cha kuzima, lakini vijiti vilipoanza kuingia vilizidisha nguvu ya kinu kwanza badala ya kuipunguza, kwa sababu ya jinsi ncha zake zilivyoundwa. Wala kuzima si mwisho wa kazi. Fukushima, Japani, Machi 11, 2011, vinu vilivyokuwa vikifanya kazi vilijizima sawasawa tetemeko lilipopiga. Kisha mawimbi ya tsunami yakafurika jenereta, vinu vikakosa cha kuvipoza, na baada ya siku chache maziwa na spinachi za wakulima wa eneo hilo zikazuiwa sokoni.

Hivyo basi, maofisa watakapokuja barazani na picha nzuri za rangi na ahadi za ajira, tunawashauri wakulima, wavuvi na wafanyabiashara wasiishie kuuliza fidia ya ardhi ni shilingi ngapi. Waulize kinu kina njia ngapi za kuzimwa, na kama njia hizo ni za aina tofauti kweli. Waulize kila njia itajaribiwa peke yake kila baada ya muda gani, na jaribio likifeli nani ataambiwa na ndani ya siku ngapi.

Kwa upande wa serikali, nchi tayari ina mamlaka ya kusimamia usalama wa nyuklia, KNRA, iliyo tofauti na shirika linalotaka kujenga. Huo ni mwanzo mwema. Tunataka sheria na kanuni ziilazimu mamlaka hiyo kuchapisha matokeo ya majaribio ya vifaa vya kuzimia, yaliyofaulu na yaliyofeli, kwa lugha ambayo mvuvi wa Uyombo na mkulima wa Siaya wataisoma. Salem ubovu wa Februari 22 ulikuwa umeandikwa. Uliosubiriwa ni msomaji, naye alikuja baada ya ubovu kujirudia.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika nyuklia ukuta huo unaweza kujengwa kwa miaka 26, na watakaobeba mawe ni watu ambao hawakuwahi kuingia mtambo huo hata siku moja.