Mtoto asiyejibu salamu si mchawi

Waliofuatilia tamthilia ya Marekani Good Doctor wanamfahamu Shaun Murphy, daktari mpasuaji mwenye usonji, hali ambayo kwetu wengi wanaita otizimu. Kelele zinamsumbua, maongezi yanamshinda, lakini ana kipaji cha ajabu. Mwisho hospitali nzima inamheshimu. Ni vizuri. Lakini asiye na kipaji hicho, nani atamheshimu?

Mimi namuona Julia kuwa mwalimu bora. Ni mwanasesere wa miaka 4 aliyeingia katika kipindi cha watoto Sesame Street kwenye televisheni mwaka 2017. Big Bird anamsalimia, hajibu. Big Bird anadhani hapendwi, mpaka anaelezwa kwamba Julia ndivyo alivyo. King'ora kikilia, Julia anahangaika. Wenzake wanamsubiri atulie, kisha wanaendelea kucheza naye.

Kambini na katika familia zinazopokea waliokimbia vita, akina Julia wapo. Bombu likilia, wanateseka mara mbili. Wengine wanaitwa wachawi, wengine wanafungiwa ndani.

Wazazi wapenzi, mtoto hahitaji kuwa daktari ili alindwe. Mtafutieni pembe tulivu, muulizeni muuguzi, waelezeni majirani. Usonji si uchawi.