Bima ya Afya: Anayelipa Aulizwe Kabla ya Bei Kupangwa

Mfanyakazi wa mjini mwenye kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya huijua vyema hesabu hii. Mfuko huo, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, hupokea asilimia 6 ya mshahara, nusu kutoka kwa mwajiri na nusu kutoka kwa mwajiriwa. Kadi humhudumia mchangiaji, mwenzi wake na wategemezi wanne. Mwenye watoto wanne amekwisha kuzijaza nafasi zote. Mama yake aliyeko Ikuti, wilayani Rungwe, hana pake katika kadi hiyo, ingawa siku akiugua ni mshahara ule ule utakaotumwa Tukuyu kulipia vipimo na dawa.

Kwa sababu hiyo, yanapozungumzwa mabadiliko ya bima kwa wakulima, mfanyakazi wa mjini asidhani kwamba ni habari za watu wengine. Bei atakayopangiwa mkulima wa Ikuti huenda ikalipwa Mabibo, Mwanjelwa au Ubungo.

Wasomaji wenye umri mkubwa wanakumbuka wakati ambapo hospitali za serikali hazikumtoza mgonjwa. Uchangiaji ulianza mwaka 1993. Miaka mitatu baadaye wilaya ya Igunga ikawa ya kwanza kujaribu Mfuko wa Afya ya Jamii, na mwaka 2001 ikatungwa sheria ya kuueneza mfuko huo katika halmashauri nyingine. Mwaka 2018 ukaja mfuko ulioboreshwa: shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya isiyozidi watu sita huko mikoani, na mwanachama akaweza kutibiwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa.

Mfuko huo ulikuwa wa hiari. Hapo pana jambo ambalo wapangaji wetu, kwa maoni yangu, hawajalipa uzito unaostahili. Katika utaratibu wa hiari, mwananchi hutoa maoni yake bila kufungua kinywa. Akienda kituoni na kadi mkononi, akaandikiwa dawa na kuambiwa akanunue dukani, mwaka unaofuata halipi tena. Kaya isiyohuisha kadi imekwisha kusema. Mwenye masikio angeweza kusikia, ingawa mara nyingi ilisemwa tu kwamba wananchi hawana mwamko.

Mwaka 2022 ulipelekwa bungeni Muswada wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, wenye shabaha ya kufanya bima kuwa ya lazima. Viwango vilivyotajwa wakati huo vilikuwa shilingi 340,000 kwa kaya ya watu sita na shilingi 84,000 kwa mtu mmoja. Kilichoamsha maneno zaidi ni pendekezo la kumtaka mtu awe na bima kabla ya kupata huduma kama leseni ya udereva. Muswada ukaahirishwa, mashauriano yakaendelea, hasa juu ya chanzo cha fedha za kuwagharimia wasio na uwezo, hata Bunge likaupitisha tarehe 2 Novemba 2023.

Simpingi anayesema bima sharti iwe ya lazima. Sababu yake ni nzito. Wakijiunga wagonjwa peke yao, mfuko hukauka; wenye afya hawana budi kuwachangia walio kitandani, nao wakiugua watachangiwa vivyo hivyo. Wazazi wa mijini waliliona jambo hilo mwaka 2023, pale kadi ya watoto ya shilingi 50,400 kwa mwaka iliposimamishwa kuuzwa kwa mtoto mmoja mmoja na wazazi wakaelekezwa kuwaandikisha watoto kupitia shule. Mfuko ulieleza kwamba wengi walioandikishwa walikuwa tayari wagonjwa, na matumizi yakazidi michango. Maelezo hayo yalieleweka. Lililouma ni kwamba yalikuja baada ya uamuzi.

Lakini jambo likishakuwa la lazima, ile kura ya kimya ya kutohuisha kadi inafutika. Mwananchi asiyeruhusiwa kutoka amebakiwa na sauti tu, na kwa hiyo wajibu wa kumsikiliza unakuwa mkubwa kuliko ulivyokuwa katika mfuko wa hiari. Kumwita mara moja hakutoshi, maana viwango na mafao hupangwa na kupangwa upya kwa kanuni, mbali na macho ya wengi.

Sasa tazama anavyoulizwa. Kamati ya Bunge hualika wadau Dodoma. Wanakwenda wenye kampuni za bima, vyama vya wenye hospitali, mashirika yenye ofisi na wanasheria. Kutoka Ikuti hadi Dodoma, kwa kupitia Tukuyu, Mbeya na Iringa, ni safari ya kutwa nzima au zaidi, na nauli yake ni mikungu mingi ya ndizi. Mwezi Machi 2024 tuliona mfano mwingine. Mfuko wa Taifa ulipoanza kutumia bei mpya za huduma, baadhi ya hospitali binafsi ziliacha kuwapokea wenye kadi. Waliokuwa wakivutana ni mlipaji na mtoa huduma. Mwenye kadi, ambaye mshahara wake ndio uliokuwa ukigombewa, alipata habari redioni.

Je, mtu wa Ikuti angekuwa na lipi la kuwaambia wataalamu? Nadhani mengi, na yasiyopatikana katika vitabu vya hesabu.

Kwanza ni hiyo kaya ya watu sita. Tuchukue mfano wa bibi anayelea wajukuu watatu, ambao mama yao yuko Dar es Salaam kikazi. Wajukuu hao ni wa kaya ya bibi au ya mama? Wakihesabiwa kwa mama, watatibiwa kwa kadi ipi wakipatwa na homa usiku? Na mwenye watoto saba, huyo wa saba, wa nane na wa tisa ndani ya nyumba atalipiwa vipi?

Pili ni majira. Mkulima wa Rungwe hapati fedha kwa mkupuo kama mfanyakazi apokeavyo mshahara. Ndizi huuzwa mkungu mmoja mmoja mwaka mzima, maziwa na majani ya chai huleta fedha kidogo kidogo, na parachichi lina msimu wake. Kumwambia alete mchango wa mwaka mzima siku moja, katika mwezi alionunua mbolea na sare za shule, ni kumwomba ashindwe. Mtu huyo huyo akiruhusiwa kulipa kwa vipande kupitia ushirika wake wa chai au wa maziwa, yamkini asingeacha hata senti. Ni swali la kuulizwa Ikuti, na jibu lake lisipelekwe Igunga au Kilwa kana kwamba mvua zetu ni zile zile.

Tena kuna swali la kituo chenyewe. Mgonjwa akipewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, Makandana, nani anailipia gari? Bima inayolipa daktari na kumwacha mgonjwa barabarani itaonekana mbovu, hata kama takwimu zake ni nzuri.

Chombo cha kuyauliza haya tunacho. Ibara ya 21 ya Katiba inampa kila raia haki ya kushiriki katika maamuzi yanayohusu maisha yake. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 imeweka Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambamo kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi ana nafasi, nao hutakiwa kukutana kila baada ya miezi mitatu. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria, basi hata kisingizio cha Kiingereza kimekwisha. Wizara ingeweza kupeleka mapendekezo ya viwango na mafao kijijini katika kurasa mbili za lugha nyepesi, yasomwe mbele ya watu, na maswali yao yaandikwe katika muhtasari kama yalivyoulizwa, kisha diwani ayafikishe halmashauri kule Tukuyu kabla kanuni hazijatiwa saini.

Na wewe, ndugu mfanyakazi, utakapokwenda nyumbani likizo ya Desemba, muulize mtendaji wa kijiji ni lini mkutano huo uliizungumza bima kwa mara ya mwisho, na omba kuuona muhtasari wake.