Gari la Zamani Hununuliwa Mara Mbili

Mtu akisema katika miji yetu ya Tanzania kwamba amepata gari la bei nafuu, swali la kwanza analoulizwa ni namba gani. Akijibu namba D hupongezwa. Akijibu namba B huonekana amejitwisha mzigo. Lakini herufi ile ya kibao cha namba hueleza tu gari lilisajiliwa nchini wakati gani. Toyota IST mbili za mwaka 2004 zaweza kuwa moja ililetwa mapema ikapewa namba B, na nyingine ikakaa Japani miaka mingi zaidi, ikafika huku na kupewa namba D. Umri wao ni mmoja. Anayetoa akiba yake yote kwa sababu ya herufi amenunua kibao, na hana tena cha kununulia uzima wa gari. Gari la zamani hununuliwa mara mbili: kwanza kwa mwenye nalo, kisha kwa fundi na duka la spea. Asiyetenga fungu la ununuzi wa pili hajawa tayari kwa ule wa kwanza.

Ununuzi huo wa pili si mkosi. Unatokana na jinsi gari lilivyoundwa. Mpira hukauka, oili huchakaa, na mafuta ya breki hunyonya unyevu hata gari likiwa limesimama. Japani, gari dogo la binafsi hukaguliwa linapofika miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na gharama za ukaguzi na matengenezo ni sababu moja inayowafanya wengi waliuze likizeeka. Hivyo gari hilo huja kwetu wakati deni la matengenezo linakaribia kuiva, na anayelinunua hurithi deni hilo. Corolla 110 yenye injini ya 5A ina mkanda wa taimingi unaopaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. IST hutumia cheni, lakini cheni hiyo nayo hutegemea oili safi. Tairi huandikwa tarakimu nne za tarehe yake: 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016, na tairi ya umri huo haifai kuaminiwa hata kama kashata zake bado ni ndefu. Kwa hiyo mnunuzi amwombe muuzaji asiliwashe gari kabla hajafika, kwa kuwa injini iliyokwishapata moto huficha maradhi mengi. Atazame moshi: wa buluu ni dalili ya injini inayokula oili. Afungue kifuniko cha oili: akikuta rangi ya chai ya maziwa, aogope kwamba maji yameingia. Asiitegemee spidomita, maana hurudishwa nyuma. Na amlipe fundi asiyejuana na dalali, kwa kuwa ujira huo ni mdogo mno ukilinganishwa na bei ya injini.

Tukishanunua, wengi wetu hukosea katika kutengeneza: tunanyamazisha dalili na kuacha chanzo. Mfano ulioenea ni thamostati. Gari likichemsha, hung'olewa na kutupwa kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto na haihitaji kifaa hicho. Kisha rejeta hujazwa maji ya bomba badala ya kulanti. Kazi ya thamostati ni kuifikisha injini kwenye joto lake la kazi na kulidumisha. Bila hiyo injini hufanya kazi ikiwa baridi mno, hutumia petroli nyingi na kulika upesi, huku maji matupu yakileta kutu ndani. Rejeta iliyoziba au feni mbovu imebaki palepale, na siku ya mlima mrefu gaskiti ya silinda hedi huungua. Rahisi inavunja upishi, walisema wazee, nasi twaliona hilo gereji kila siku.

Utaambiwa kwamba maskini hana fedha za kutenga. Nami nasema ni yeye hasa anayepaswa kutenga, kwa kuwa gari likimfia njiani hana la pili. Kama fedha zinatosha bei ya gari tu, basi achague gari la bei ya chini, lenye umbo la kawaida na spea zinazopatikana mitaani, ili abaki na fungu la matengenezo. Wengine watasema dawa ni kuyazuia magari makuukuu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Uganda mwaka 2018 iliweka kikomo cha miaka 15. Tanzania huyaongezea kodi. Sheria hizo zina busara yake, kwa kuwa moshi na ajali hudhuru hata wasio na magari. Lakini mpaka wa umri hutazama siku ya kuingia bandarini tu. Baada ya hapo gari huishi miaka mingi mikononi mwetu, na hakuna sheria itakayombadilishia mtu padi za breki.

Ndugu msomaji unayekusanya fedha za gari la kwanza, gawa akiba yako leo kabla dalali hajakuonyesha rangi inayong'aa. Wiki ya kwanza badilisha oili na chujio lake, mafuta ya breki, kulanti, na mkanda usio na kumbukumbu ya kubadilishwa. Nunua daftari uandike kila kazi, tarehe yake na kilomita zake. Siku utakapoliuza, mkabidhi mnunuzi daftari hilo pamoja na kadi ya gari, ili naye ajue anachonunua. Tukianza kuulizana daftari kabla ya kuulizana namba, wauzaji nao watalazimika kuyatunza magari yao.